Nyoka wa Majini: Tunayoambizana na Yaliyo Kweli

Ukikaa jioni na wavuvi wa Ziwa Tanganyika, iwe mwalo wa Ujiji, Kibirizi au Katonga, habari za nyoka hazikosi. Nyingi nazipenda, maana husimuliwa na watu walioona kwa macho yao. Lakini yapo maneno machache yanayorudiwa toka ziwani mpaka pwani ya Unguja, na baadhi yake yanaua. Hayo siwezi kuyanyamazia.

Baya kuliko yote ni hili: "Nyoka akiwa majini hagongi. Akifungua kinywa, maji yatamjaa." Kuna watu wazima wanaowafundisha watoto hivyo. Anayeliamini ajiulize: swila wa majini, yule nyoka wa sumu aishiye ziwani humu, anakula nini? Anakula samaki, karibu hali kitu kingine. Wala hamvuti samaki nchi kavu kwanza ndipo amuume. Humkamata humo humo chini, katikati ya mawe, kwa meno yale yale ya sumu. Tundu la pumzi la nyoka liko kwenye sakafu ya kinywa na hujifunga, kwa hiyo hata akipanua taya zote maji hayamwingii pafuni. Huzamia hadi kama mita 25 na kukaa chini dakika 10 hivi kabla ya kutoa kichwa kuvuta hewa. Nyoka wa namna hiyo ukimwambia kwamba majini hawezi kuuma, umemwambia hawezi kula.

Wengine huongeza kwamba sumu huzimuliwa na maji. Sumu haimwagwi ziwani, inapita jinoni na kuingia nyamani. Maji hayaifikii.

Kisha husemwa kwamba swila huyu humvizia mtu. Hapa tumwangalie vizuri, kwa sababu ni wa kwetu hasa, na wataalamu wamemwandika tangu 1886. Aina ya Tanganyika ina mwili wa kahawia na mikanda myeusi miwili au mitatu shingoni. Wengi wana urefu wa mita moja na nusu hadi mbili na zaidi. Hukaa kwenye mapango ya mawe, chini ya magati na madaraja, popote samaki wanapojificha. Wazamiaji hukutana naye mara nyingi, naye hugeuka akaenda zake. Nchi kavu akizibiwa njia husimamisha shingo na kuitanua kama swila yeyote, lakini hata hapo anatafuta upenyo wa kurudi majini.

Basi hatari iko wapi? Iko kwenye wavu. Makila, yaani nyavu za kutegea samaki, yanavutwa alfajiri, giza bado, na mkono unatangulia macho. Mvuvi anahisi kitu kizito kinapinda, anadhani ni samaki mkubwa, anapapasa ili amchomoe. Aliyemo ni swila aliyefuata samaki walionasa, naye akanasa. Amekosa hewa, amechoka, lakini hajafa. Huyo ndiye atakayeuma, kwa sababu hana pa kukimbilia. Nawaomba wavuvi: taa itangulie mkono. Na mkimwona, kipande kile cha wavu kikatwe, kitupwe pamoja naye. Najua wavu unanunuliwa kwa jasho, na tundu moja ni kazi ya kushona siku nzima. Tundu hilo hushonwa.

"Kila nyoka wa ziwani ana sumu." Si kweli. Yupo nyoka mdogo wa majini anayepatikana Tanganyika peke yake, asiye na madhara kwa binadamu, naye ndiye anayepigwa mawe zaidi kwa kuwa anaonekana kwa urahisi ufukweni.

Halafu kuna hili la nyoka aliyepanda mtumbwi: "Amekuja kutushambulia." Nyoka wote huweza kuogelea, hata wale wa porini. Koboko huvuka mito. Kifutu, aliye mzito na mvivu nchi kavu, hujaza hewa mwilini akaelea kama kibuyu. Akiwa amechoka katikati ya maji, mtumbwi kwake ni kisiwa. Ukimpiga kasia akiwa ukingoni, pengine utamwangushia ndani, miguuni pa wenzako. Geuza chombo, mwachie nafasi. Akishaingia, watu wahamie upande wa pili, mmoja amwinue polepole kwa upondo mrefu na kumrudisha majini.

Pwani nako yanasemwa mengi. Yule mwenye mikanda myeusi na myeupe anayeonekana kwenye nyasi za bahari huko Unguja, ambaye watu humkimbia, ni samaki wa jamii ya mkunga. Mkia wake umechongoka, hana magamba, wala hapandi juu kuvuta hewa. Nyoka wa kweli wa bahari kwenye pwani yetu ni mmoja tu: mgongo mweusi, tumbo la manjano, mkia bapa kama kasia wenye madoa, urefu kwa kawaida haufiki mita moja. Huyu ana sumu kali. Maisha yake ni ya ajabu. Huzaa majini, huweza kuogelea kinyumenyume, na sehemu ya hewa yake huipata kwa ngozi. Bahari yote ile inayomzunguka hainywi. Husubiri mvua, akanywa maji baridi yanayoelea juu kabla hayajachanganyika na chumvi.

Wimbi likimtupa ufukweni hawezi kutambaa ipasavyo. Hulala tu, na watoto humwokota kwa mkia wakidhani amekufa. Asiguswe.

Mwisho ni matibabu. Kuchanja, kunyonya, kukaza kamba, kubandika jiwe la nyoka: hakuna hata moja linalotoa sumu. Sumu ya swila wa majini hushika neva. Kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana, kisha pumzi. Hakuna dawa iliyotengenezwa mahususi kwa sumu yake, kwa hiyo uhai wa mgonjwa unategemea kusaidiwa kupumua mpaka nguvu ya sumu iishe. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria vifo 81,000 hadi 138,000 kila mwaka. Aliyegongwa alazwe, asitembezwe, kiungo kifungwe kijiti kisitikisike, apelekwe hospitali mara moja. Pumzi ikikatika njiani, apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kuchoka.

Vijiji vingi vya ufukweni havina barabara. Wenyeji wake wakubaliane leo ni boti ipi itakayombeba mgonjwa usiku, na injini yake inalala kwa nani.