Chatu Hafugwi Sandukuni

Wazazi na wanafunzi wa Rumonge na mwambao wetu wote wa Tanganyika,

Vijana wetu wanaona picha za chatu wadogo wanaofugwa Ulaya na Marekani, nao wanatamani kumkamata wa kwetu na kumtia sandukuni. Tunasema wazi: hapana!

Kwanza, hao ni nyoka wawili tofauti. Yule wa kwenye picha kwao ni Afrika Magharibi hadi Uganda, na ni nadra kuzidi mita 1.5. Chatu wa kwetu huweza kupita mita 4, na humeza hata mbuzi. Nani atamweka nyumba moja na watoto?

Pili, hata yule mdogo ni amana nzito. Anataka upande wenye joto la nyuzi 32 hivi na mwingine wa nyuzi 26, maji safi, unyevu, maficho, na kifuniko kinachofungwa barabara. Akikua hulishwa kila wiki mbili hivi, tena panya aliyekwisha kufa, kwani panya hai humng'ata nyoka. Huweza kuishi miaka 30. Umeme ukikatika usiku, joto hilo litatoka wapi?

Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie. Mfungwa wa sandukuni ana tofauti gani naye?

Wazazi wenzetu, mwacheni chatu porini ale panya wa michikichini. Kijana mwenye shauku asomeshwe elimu ya wanyama. Elimu haihitaji mfungwa.