Mahubiri ya Pimbi

Tumezoea kusikia wanyama wakitolewa mfano wa upendo kanisani. Mchwa wanashirikiana, nyuki wanatii, mbona ninyi mnagombana? Tunaona mfano huo hutumiwa kwa haraka mno, na waamini wetu wa Simiyu, ambao wengi wamechunga mifugo tangu utoto, wanalijua hilo kuliko mhubiri.

Mtazameni pimbi. Upande wa Serengeti huonekana asubuhi juu ya majabali, wamelaliana wakiota jua. Ndiye wibari wa Mithali 30:26. Ana umbo la panya mkubwa, lakini ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva! Mwili wake hautunzi joto vizuri, kwa hiyo kwenye baridi hujirundika na wenzake. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, muda mrefu sana kwa mnyama wa kimo cha sungura. Majabali ni machache, na kati ya jabali na jabali kuna mbuga wazi na tai angani. Binti akiondoka, aende wapi? Basi majike hubaki na mama zao, dume mmoja hulinda eneo, na madume vijana huondoka.

Hali kama hiyo imeonekana kwa marimoti, jamaa wakubwa wa kindi wanaoishi mashimoni katika nchi za baridi. Yule wa mabonde ya Amerika ya Kaskazini, penye majani kwa miezi mingi, huishi peke yake. Wale wa milima mirefu, ambako kiangazi ni kifupi, watoto wao hukawia kukomaa, hivyo hukaa na wazazi zaidi ya mwaka, na wengine hulala familia nzima shimo moja majira yote ya baridi. Maisha ya pamoja yalitokana na shida, polepole, kizazi baada ya kizazi.

Hatuoni sababu ya Mkatoliki kuogopa maelezo haya. Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi wa mageuzi ya mwili mwaka 1950, na Yohane Paulo II akasema mwaka 1996 kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu. Linalotusumbua ni jingine. Mwaka 1977 Paul Sherman alionyesha kwamba kati ya kindi wa ardhini wa California, wanaopiga yowe adui akija ni hasa majike wenye mabinti na dada jirani. Madume, walio mbali na ndugu zao, hunyamaza mara nyingi.

Kwa Wasukuma, mwano ukipigwa, kila mwanamume anayeusikia hutoka, aliyevamiwa awe ndugu yake au asiwe. Asiyetoka hutozwa faini. Mhubiri anayewaambia watu wa Bariadi wawe kama wanyama anawadai kidogo kuliko walivyodaiwa na babu zao.

Lakini pimbi ana jambo moja la kutufaa. Katika miaka ya 1970 Hendrik Hoeck alichunguza majabali ya Serengeti na kukuta aina mbili za pimbi wakiishi pamoja. Hulala mashimo yale yale, hukumbatiana kwenye baridi, na vitoto vyao hucheza pamoja, ingawa hawazaliani. Wanawezaje? Mmoja hula zaidi nyasi, mwenzake majani ya miti na vichaka. Hawagombei chakula kimoja.

Mkulima na mfugaji wa Meatu wanahitaji ardhi ile ile, na mara nyingi msimu ule ule. Kuwahubiria umoja na kuwaacha hapo ni kuwachosha. Tungependa paroko anayekwenda kusuluhisha aanze kwa mwenyekiti wa kijiji, aulize kama mpango wa matumizi ya ardhi upo, njia ya ng'ombe kwenda majini imepita wapi, na kama alama zake bado zinaonekana. Mahubiri yafuate baada ya hapo.