Magari Yatafutiwa Mahali, Wafanyakazi Waambiwa Watembee



Kila mwaka ufikapo wakati wa Mswada wa Fedha wa Kaunti ya Nairobi, jambo moja hupigiwa kelele kupita mengine yote, nalo ni ada ya kuegesha gari katikati ya mji. Mwaka 2013 ada ilipandishwa kutoka shilingi 140 hadi 300, na ugomvi ukafika mahakamani. Desemba 2019 ilitangazwa kwamba itatoka shilingi 200 hadi 400, mahakama ikasimamisha. Kwa sheria ya fedha ya mwaka 2023 ikawekwa shilingi 300 kwa siku. Kila mara wenye magari walilia, wakubwa wa City Hall walijibu, na magazeti yakajaa habari hiyo kwa juma zima.

Sisi wa Kaloleni, Makongeni, Jericho, Umoja, Dandora na Kayole tumezisoma habari hizo tukiwa tumebanwa ndani ya matatu, na wengine wetu tumesimuliwa njiani tukienda kwa miguu. Kwa hiyo wako wanachama waliotuuliza: Chama cha wafanyakazi kina haja gani na mahali pa kuwekea magari? Hayo si mambo ya matajiri?

Twajibu hivi. Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kwa sababu ya sheria ndogo za Manispaa. Waliokuwa mbele katika mambo hayo ni watu wa chama cha wafanyakazi wa usafiri, chama cha Fred Kubai. Mwaka uliofuata, mwezi wa Mei, Kubai na Makhan Singh walipokamatwa, mji wote uligoma. Na Tom Mboya, kabla hajawa mtu wa kujulikana duniani, alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji, akajenga chama kati ya wafanyakazi wenzake wa Baraza hilo. Wazee wale hawakuona ukuta kati ya mshahara na amri za mji. Waliona kwamba Baraza laweza kukunyang'anya kwa sheria ndogo kile ulichokipata kwa tajiri baada ya miezi sita ya majadiliano.

Basi na tufanye hesabu. Kwa amri ya mishahara iliyoanza tarehe 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida katika Nairobi aliwekewa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Mwenye gari anayeegesha mjini siku 26 kwa ada ya shilingi 300 atalipa shilingi 7,800. Karibu nusu ya mshahara wa yule kibarua yatumika kulaza chuma barabarani! Lakini sasa mtazame kibarua mwenyewe. Akilipa nauli ya shilingi 80 asubuhi na shilingi 80 jioni, kwa siku hizo hizo 26, atakuwa ametoa shilingi 4,160. Ni zaidi ya robo ya mshahara wake, naye hajanunua unga wala hajalipa kodi ya chumba. Na hiyo ni nauli ya siku njema. Mvua ikinyesha jioni kila mtu wa Eastlands ajua kinachotokea pale kituoni. Makanga hutaja bei nyingine, na hakuna wa kumwuliza.

Hatusemi mwenye gari hana shida. Wako wanachama wetu wa Buru Buru na Donholm wenye vigari vyao vya zamani, na tunawajua kwa nini walivinunua. Mwuguzi atokaye kazini saa tano za usiku hatapenda kusimama gizani akingoja gari. Huyo tunamtetea. Tusilokubali ni kwamba kila neno la usafiri katika mji huu laanza na kuisha kwa gari la mtu binafsi. Uchunguzi wa usafiri wa Nairobi uliofanywa nyakati mbalimbali umeonyesha kwamba karibu safari nne kati ya kumi hufanywa kwa miguu, na gari la binafsi halifikishi hata mbili. Sasa mtu ajiulize ni mara ngapi amesoma gazetini habari kubwa juu ya upungufu wa njia za miguu.

Tena tukumbuke siku ya Jumatatu, tarehe 3 Desemba 2018. Siku hiyo matatu zilikatazwa kuingia katikati ya mji ili kupunguza msongamano. Wa Jogoo Road waliambiwa mwisho wao ni Muthurwa. Maelfu ya watu wakashuka wakatembea: wazee, kina mama wenye watoto mgongoni, watu wenye ulemavu, vibarua waliokuwa wanakimbizana na saa ya kuingia kazini. Magari ya binafsi yalipita kando yao, kila moja na mtu mmoja ndani, yakaenda kuegeshwa kama kawaida. Haikupita siku mbili, Gavana Sonko mwenyewe akaisimamisha amri ile. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini siku ile hata mwenye shibe aliona aibu.

Basi moja labeba watu wengi kuliko safu nzima ya magari yaliyoegeshwa, kisha laondoka likaacha nafasi. Gari la binafsi lafika saa mbili, lasimama hapo hadi saa kumi na moja, na kazi liliyoifanya siku nzima ni kumleta mtu mmoja. Ikiwa nafasi ya mji ni haba, na kweli ni haba, mtu mwenye akili angemwondoa nani kwanza? Ajabu ni kwamba wa kwanza kufukuzwa siku zote ni basi, halafu mama muuza ndizi, halafu mvuta mkokoteni. Huyu wa mwisho naye hukimbizwa na askari wa kanjo.

Mji huu ulipangwa hivyo tangu zamani. Mitaa ya Muthurwa, Makongeni, Ziwani na Kaloleni iliwekwa mashariki ili mfanyakazi awe karibu na reli, karakana na viwanda, aende kwa miguu na kurudi kwa miguu. Mshahara nao ulihesabiwa kama wa mtu asiye na mke wala mtoto. Ni mwaka 1954 tu ndipo kamati ya Carpenter ilipokubali kwamba yafaa mfanyakazi apewe mshahara wa kutosha jamaa yake. Baadaye mji ukakua, watu wakasogezwa mbali zaidi, Umoja, Dandora, Kayole na kupita huko, lakini hakuna kamati iliyoketi ikasema: sasa kwa kuwa mtu huyu yuko mbali, ni nani atakayelipa njia? Jibu lilipatikana bila kuulizwa. Atalipa mwenyewe.

Hapa ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe, nasi tungependa kila mwanachama apasome mara mbili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri ampe mfanyakazi nyumba au fedha za kutosha kupanga nyumba. Nauli haikuwekewa lazima kama hiyo. Lakini nyumba na nauli ni kitu kimoja! Chumba cha bei nafuu ni cha mbali. Anayehama Shauri Moyo kwenda Kayole kwa sababu kodi imempita hajaokoa kitu; fedha alizomnyima mwenye nyumba amempa makanga. Na tajiri akija mezani husema, "Posho ya nyumba nimelipa." Amelipa nusu ya nyumba.

Juu ya hayo yote kuna bei za vitu. Tangu Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16. Oktoba mwaka ule ule petroli katika Nairobi ikafika shilingi 217.36 kwa lita. Nauli zikapanda, nasi tukaambiwa ni mafuta. Mwaka 2024 petroli ikateremka chini ya shilingi 190, na sisi tupandao matatu za Jogoo Road na Outer Ring hatukuona nauli ikiteremka nayo. Mafuta taa, ambayo ni jiko na taa ya watu wengi wa mitaa yetu, yalitozwa shilingi 18 zaidi kwa kila lita tangu Septemba 2018 ati kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya na dizeli. Mwenye kuchanganya si mama wa Korogocho, lakini yeye ndiye alipaye. Unga nao tuliuonja kwa shilingi 100 mwezi wa Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi, na baada ya uchaguzi bei ile ikatoweka. Na katika karatasi ya mshahara kukaingia asilimia moja na nusu ya ushuru wa nyumba, ambayo kwa kibarua wetu wa shilingi 16,113.75 ni kama shilingi 242 kila mwezi.

Twarudi kwa City Hall. Tangu 2013 mji umeongozwa na Kidero, na Sonko aliyeondolewa Desemba 2020, na Kananu, na Sakaja tangu 2022. Katikati hapo kazi nyingi za kaunti zilikuwa mikononi mwa shirika la NMS chini ya Jenerali Badi, tangu 2020 hadi 2022. Haki isemwe: katika miaka ile njia za miguu na za baiskeli zilijengwa katikati ya mji, na nafasi kadhaa za magari zikaondolewa kwa ajili hiyo. Wenye magari walinung'unika. Sisi tulifurahi, ila tulitaka kujua kwa nini njia nzuri ile iwe ya Kenyatta Avenue na Wabera Street, na sisi tutokao Landhies Road tuendelee kuruka mitaro. Mwaka 2018 ulipakwa mstari mwekundu katika Thika Road kuonyesha njia ya mabasi ya haraka. Rangi ilikuwa nzuri.

Ada ya kuegesha ni fedha nyingi, na kila anayeilipa ana haki ya kujua zilikokwenda. Sisi hatuombi ishuke, wala hatuombi ipande. Twataka fungu lake linalojulikana liende kwenye vituo vya basi vyenye paa, taa za barabarani, na njia za miguu kutoka mitaani hadi viwandani. Na basi lipewe mahali karibu na kazi kabla gari la mtu mmoja halijapewa. Twataka pia mikutano ya kusikiliza maoni ya wananchi, ambayo Katiba ya 2010 imeiamuru, iitwe Jumapili au jioni, na iitwe Makadara, Kamukunji na Embakasi. Mkutano wa Jumanne saa nne za asubuhi katikati ya mji ni mkutano wa watu wasio na msimamizi wa kuwaandikia kuchelewa.

Wawakilishi wa wadi wamo katika Baraza la Kaunti, na wadi za Nairobi ni 85. Sehemu kubwa ni za Eastlands. Waliomba kura kwetu wakiwa wamepanda juu ya magari. Tuwaulize, kila mtu katika wadi yake, walipigaje kura juu ya Mswada wa Fedha uliopita, na kituo gani cha basi walikitetea.

Kwa upande wa matajiri, Chama kitaweka posho ya nauli katika madai ya mapatano ya pamoja, sawa na posho ya nyumba, na kwa zamu ya usiku tutadai gari la kuwafikisha watu mlangoni. Tajiri atasema ni kitu kigeni. Atuonyeshe basi jinsi mfanyakazi wa Kayole atakavyofika kazini bila hicho kitu kigeni.

Madai hayo yahitaji hesabu iliyoandikwa, maana mezani maneno matupu hayasikiki. Kila mwanachama na aandike kwa mwezi mmoja nauli aliyolipa, asubuhi na jioni, siku ya jua na siku ya mvua, pamoja na saa aliyotoka nyumbani na saa aliyofika. Anayetembea aandike vilevile, na saa alizotumia njiani. Karatasi apewe mwakilishi wa Chama mahali pa kazi, pamoja na jina la mtaa. Wasioweza kuandika wasaidiwe na wenzao.