Nani Kamsafisha Michael Scott?

Kila mjadala wa The Office unaishia palepale: eti Waingereza wana roho ngumu na Wamarekani wana roho laini, ndiyo maana David Brent anatia aibu na Michael Scott anapendeka. Hapana bwana. Tuache habari za tabia ya taifa, tuhesabu.

Ricky Gervais na Stephen Merchant waliandika sehemu 12, wakaongeza mbili za Krismasi mwaka 2003, wakaacha. (Filamu ya 2016 tuiache kando, Gervais alishindwa kujizuia.) Toleo la Marekani lilianza 2005 likaisha 2013: sehemu 201.

Sasa hebu jiweke kwenye kiti cha mwandishi. Brent ni bosi wa kampuni ya karatasi mjini Slough, anayejiona kipenzi cha wote huku wafanyakazi wake wakiinamisha macho. Mtu wa namna hiyo unamvumilia saa sita. Miaka minane? Utazima runinga. Kwa kuwa walijua wanaishia wapi, waandishi wake waliweza kumwacha aangukie pua: mwisho wa msimu wa pili kazi inaota mbawa, na yule mpiga porojo anabaki kusihi asiondolewe. Hapo hakuna wa kucheka.

Michael naye alianza kama nakala ya Brent. Kuanzia msimu wa pili wakamlainisha: maneno yaleyale ya hovyo, ila sasa ana moyo, na kumbe kuuza karatasi anajua kwelikweli. Kwa nini? Kwa sababu tamthilia ya Marekani wakati ule ilihitaji kufikisha sehemu 100 hivi ndipo iuzwe kwa vituo vingine irudiwe kila siku. Anayekosea Alhamisi hii lazima awe amesamehewa Alhamisi ijayo. Msamaha huo hautoki ndani ya hadithi, unatoka idara ya mauzo! Halafu Steve Carell akaondoka 2011, na ofisi ikaendelea misimu miwili bila yeye, kama mgeni anayeaga mlangoni saa nzima.

Na sisi wasomaji, tunaojidai kujua wahusika, tunasema Michael ana kina zaidi. Kina gani? Tumemzoea tu, tukadhani tumemwelewa.

Msiniletee The Wire. Ilikuwa ya HBO, kituo kisichoishi kwa matangazo, ikamaliza kwa sehemu 60 na haikulazimika kumsafisha mtu. Wala Uingereza siipambi: Coronation Street inaendelea tangu 1960, na humo nako kusameheana hakuishi.

Mtasema ile Krismasi nayo ilileta faraja, Tim na Dawn wakapatana. Nakubali. Lakini ilikuja baada ya misimu miwili ya kunyimwa, na haikufuatiwa na msimu wa tatu wa kuwagombanisha upya.