Kabla Uulize Bei, Geuza Kiatu

Wacha niseme kitu kitakachoudhi watu wawili watatu: "imeshonwa kwa mkono" si sifa. Ni njia ya kutengeneza tu. Kuna fundi anashona kwa mkono vizuri, na kuna mwingine anashona kwa mkono vibaya halafu anatoza bei ya yule wa kwanza.

Hapa Mtito Andei kiatu hakibembelezwi. Kuna joto, vumbi na kokoto. Gundi ya soli ikipigwa na jua hili inalegea, na kiatu kinaanza kufungua mdomo kama mamba. Kwa hivyo ninapolinganisha mafundi, iwe ni wa hapa kando ya barabara ya Mombasa au wa Kariokor kule Nairobi, sianzi na bei wala picha. Naangalia vitu vitatu.

Kwanza, mshono. Mshono mzuri wa mkono hutumia sindano mbili: zote zinapita tundu moja, kila moja ikitoka upande wake. Uzi mmoja ukikatika, ule mwingine bado umeshika. Mshono wa mashine hauko hivyo. Uzi ukilika, unaweza kuendelea kufumuka. Lakini angalia pia matundu. Yakikaribiana sana, ngozi inachanika kama karatasi ya stempu. Yakiwa pembeni kabisa, ukingo unakatika. Fundi mzuri pia anapaka uzi nta.

Pili, ngozi yenyewe. Angalia pale ilipokatwa. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi. Regzini ina plastiki juu na kitambaa chini. Na hata ngozi halisi haifanani: ya mgongo wa ng'ombe ni imara, ya tumbo inavutika. Ya mbuzi ni laini na inafaa bitana, lakini ni nyembamba. Muulize fundi ametumia ipi. Anayejua kazi atakujibu bila kuzunguka.

Tatu, soli. Je, imeshonwa au imebandikwa tu? Inaweza kubadilishwa? Akala zimetufundisha hili kitambo: soli ya tairi la gari haina urembo, lakini inatembea.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo tunajidanganya. Tuseme kiatu cha 1,500 kinakutumikia miezi mitano. Hiyo ni 300 kwa mwezi. Tuseme kingine ni 4,200, ukiongeza soli mpya ya 800 baadaye, kikamaliza miezi 30. Jumla ni 5,000, yaani kama 167 kwa mwezi. Kile "cha bei ya chini" kinakula karibu mara mbili. Rahisi ni ghali, wazee walisema.

Najua jibu lako: "Buda, hiyo 4,200 itatoka wapi mara moja?" Swali la haki. Kibarua wa siku hana anasa ya kungoja faida ya miezi 30. Ndiyo maana nadhani mafundi wazuri wakubali malipo ya polepole: weka 500 leo, 500 wiki ijayo, uchukue kiatu ukimaliza. Fundi hapotezi, mteja hanyanyaswi na kiatu cha miezi mitano.

Lakini tusimwache mteja pia. Mtu analipa bei iliyoandikwa dukani bila kunong'ona, halafu akifika kwa fundi aliyekaa siku mbili na msharasi mkononi anataka apunguziwe nusu. Unafikiri ile nusu itatoka wapi? Itatoka kwenye ngozi. Fundi ataweka regzini ndani, au kadibodi kwenye kikanyagio, na wewe ndiye umemfundisha.

Na kwetu tunaopiga video: mtengenezaji mmoja alinipa ofa ya jozi ya bure nimsifu. Nikaomba aniruhusu nikate soli moja mbele ya kamera, watu waone ndani. Hakunijibu tena. Sitamtaja, lakini mjue kiatu kikisifiwa na mtu aliyekipewa jana, hakuna aliyekijaribu.

Anayetaka sifa zangu anipe miezi sita na barabara ya Mtito. Nikirudi, nitakigeuza kiatu mbele yenu.