Ua jeusi twalikumbuka, visa 81 je?

Muulize kijana yeyote hapa Mombasa Zari alimwacha vipi Diamond Platnumz. Atakujibu bila kusita: ilikuwa siku ya wapendanao, Februari 14, 2018, kwa picha ya ua jeusi kwenye Instagram. Sasa muulize kuhusu ripoti ya Haki Africa ya Desemba 2016, iliyokusanya visa 81 vya watu wa Pwani waliouawa au kutoweka, vyombo vya usalama vikinyooshewa kidole. Aghalabu atanyamaza. Kati ya habari hizo mbili ni miezi 14 tu, na moja ilitokea nyumbani kwetu.

Sisemi watu waache udaku. Umbea haukuletwa na simu. Barazani ulikuwapo tangu enzi za babu zetu, na dini ilishatukanya kuhusu kusengenyana kabla ya hizo simu. Tofauti ni kwamba udaku haukudai kitu. Unacheka, unasambaza, kesho kuna mwengine. Kifo mikononi mwa polisi kinadai shahidi, daktari, wakili na familia itakayohudhuria mahakamani miaka mingi. Tukikipokea kwa mtindo ule ule wa udaku, wiki moja ya kelele kisha kimya, mwenye kufaidika ni aliyefyatua risasi.

Lipo tatizo la pili, nalo ni zito zaidi. Twachagua maiti wa kumlilia.

Februari 2, 2014 polisi walivamia Masjid Musa, Majengo. Watu zaidi ya 100 walikamatwa, wakiwemo watoto, na afisa mmoja wa polisi akafariki. Mtu mmoja aliyeonekana kwenye picha akiwa mikononi mwa polisi hajarudi kwao mpaka leo. Wakenya wengi wa bara waliona sawa: si walikuwa magaidi? Sisi Pwani tulilia peke yetu, na hilo bado latuuma.

Lakini na sisi tujitazame. Machi 27, 2020, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, watu waliokuwa wakikimbilia feri Likoni walipigwa virungu na kurushiwa vitoa machozi kabla hata saa moja ya usiku haijafika. Usiku huo huo video zikageuzwa vichekesho, na wengi tulizisambaza. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi Nairobi akiwa kwenye roshani ya kwao. Human Rights Watch ilihesabu watu wasiopungua sita waliokufa kutokana na ukatili wa polisi katika siku 10 za mwanzo. Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi, na vile vichekesho vikafutwa kimya kimya.

Halafu kuna Kisauni. Vijana wa mapanga wamewakata watu wakitoka kazini, wamewapora kina mama, na anayeishi mbali na maeneo hayo hana haki ya kuwahubiria wakazi wake. Mtu aliyeshonwa nyuzi kichwani akisikia polisi wamemuua mshukiwa, hupumua. Hilo naelewa. Ila mshukiwa aliyeuawa hatasema panga alipewa na nani, wala nani alikuwa akimtoa kila akikamatwa. Na siku watakapokosea wakamuua mwanao akitoka madrasa, ripoti itaandikwa kwa maneno yale yale: jambazi sugu, alikuwa amejihami. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kibali tunachokitoa kwa makofi hakina mpaka. Juni 7, 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa Homa Bay kwa madai ya kumchafulia jina naibu inspekta jenerali wa polisi mtandaoni. Akasafirishwa mpaka kituo cha Central, Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Kesi hiyo ingekwisha hapo, kama zilivyokwisha nyingi za huku kwetu, lakini safari hii watu hawakuhamia habari nyengine. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa na alama za kipigo. Inspekta Jenerali akalazimika kuyakana maelezo ya awali mbele ya Seneti. Maafisa wa polisi na raia kadhaa wakashtakiwa kwa mauaji, nao wakakana mashtaka. Mahakama itaamua, lakini angalau kuna kesi.

Hapo ndipo penye funzo. Hasira za mtandaoni zilisaidia kwa kuwa ziliandamana na daktari aliyeandika alichokiona na familia iliyodai haki. Sheria iko upande wetu: Kifungu cha 49 cha Katiba chataka mtu afikishwe kortini ndani ya saa 24, na Sheria ya Polisi ya 2011 yawalazimu polisi kuripoti kwa IPOA kila wanapoua au kujeruhi vibaya. IPOA ina ofisi hapa hapa Mombasa.

Kwa hivyo ukiwa na video, usiikimbize kwenye magrupu kwa ajili ya laiki. Ihifadhi, andika tarehe, saa, mahali na nambari ya gari. Aliyepigwa apelekwe hospitali, apate nambari ya OB na fomu ya P3. Sisi Waislamu twaharakisha maziko, nalo ni jambo jema, lakini daktari kumtazama marehemu kabla ya kuzikwa ndiko kutakakoisaidia familia siku ya kesi. Maimamu wetu na walisemee hili waziwazi mimbarini.

Na siku nyengine polisi wakimuua mtu tusiyempenda, tuulize maswali yale yale tuliyouliza kuhusu Ojwang.