Wali wa Bibi Hausifiwi, Unapikwa!

Wadau, leo nataka tugombane kidogo. Kila Idi ikikaribia, Mbagala Rangi Tatu inafurika vijana wa mjini wanaorudi Kibiti, Bungu, Nyamisati na kule ndani kwenye delta. Mkononi kilo mbili za sukari, mdomoni wimbo ule ule: "Jamani, nina hamu na wali wa bibi!" Wanafika, wanakaa barazani, wanakula, wanalala, kisha wanarudi Dar na mchele na korosho kwenye mfuko. Bibi anabaki na masufuria. Halafu mtu huyo huyo akifika mjini anajiita mlinzi wa utamaduni. Utamaduni gani huo wa kula tu?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe una miaka kumi unakwenda na kurudi, hujashika hata mwiko!

Mimi nasema hivi: asiyejua kupika chakula cha kwao hana kumbukumbu ya chakula hicho, ana hamu tu. Na hamu haimlishi mtoto.

Chukua wali wa nazi, ambao kila mtu anadhani anaujua. Mchele mpya hautaki maji mengi kama mchele wa msimu uliopita, ukikosea unakula uji. Tui jepesi ndilo la kuivishia, lile zito linangoja mwishoni, ndipo unafunika na kupalia makaa juu. Kamba nao wakizidishwa motoni kidogo tu wanakuwa mpira. Bibi hapimi kwa kikombe, anapima kwa kidole ndani ya sufuria. Utamrekodi kwa simu, sawa, lakini simu haitakwambia mkono wake unahisi nini anapokamua nazi.

Najua visingizio vyenu. Cha kwanza: muda hakuna, foleni, kazi. Hivi yule anayesimama nusu saa usiku akisubiri chipsi mayai, huo muda anautoa wapi? Nusu saa hiyo wali ungekuwa umeshakauka maji.

Cha pili: mwanaume haingii jikoni. Huu ni uongo wa mjini, tena wa watu wasiowajua babu zao. Wavuvi wa delta wakienda dago, nani anawasongea ugali? Wenyewe. Kwenye harusi zetu za Pwani, lile sufuria kubwa la pilau mara nyingi linasimamiwa na nani? Wanaume, tena wanajidai! Kwa hiyo kijana, sema hutaki kupika, usisingizie mila.

Cha tatu kinatoka kwa kina dada: "Unataka kuturudisha jikoni." Nawaelewa kabisa, maana mzigo huu ulitupwa juu yenu kwa miaka mingi huku kaka zenu wakisubiri sahani. Ndiyo maana nasema waanze hao kaka zenu.

Na kwa nini nina haraka? Kwa sababu watu wa Rufiji wanajua kuhamishwa. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwaondoa wengi bondeni, kwenye mashamba yao na madungu yao, ikawapeleka vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Desemba 2022 bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa maji huko juu ya mto. Aprili 2024 mafuriko yakapiga tena Rufiji na Kibiti, yakala mashamba na nyumba. Mpunga wa delta unaishi kwa maji ya mto huo huo na kwa kujaa na kupwa kwa bahari. Nani anaweza kuapa kwamba mjukuu wake ataukuta ulivyo leo?

Familia inayokimbia maji inabeba kinachobebeka. Kinu ni kizito, shamba halibebeki. Ujuzi wa kupika unaingia hata kwenye mtumbwi uliojaa, ila lazima uwe ndani ya mtu. Kwa sasa uko ndani ya bibi peke yake, na bibi si wa milele.

Basi safari ijayo, ukifika, usikae barazani. Omba mbuzi, kuna nazi, peta mchele, kohoa na moshi kama wengine. Siku ya pili pika wewe, bibi akae kwenye mkeka akukosoe mpaka uone aibu. Ukirudi Dar, upike kila Jumapili, watoto wakiwa hapo hapo jikoni, wa kike kwa wa kiume.

Asiyetaka hayo, basi siku ya Idi ale kimya. Naomba kutoa hoja.